Jenga nyumba mara 500 kwenye simu kabla ya kuijenga mara moja kiwanjani

Fundi akikupa bei ya nyumba, mara nyingi anakupa namba moja. "Milioni 52, nyumba imesimama." Hiyo ndiyo unayoiandika kwenye daftari, ndiyo unayowaambia wazee nyumbani, na ndiyo unayoitumia kuhesabu umebakiza mikataba mingapi kabla ya kurudi. Fundi huenda hajakudanganya hata kidogo. Amekupa bei ya siku ambayo kila kitu kimekaa sawa: udongo mzuri, lori la mchanga limefika kwa wakati, simenti haijapanda, mvua imenyesha usiku tu.

Wote tunajua siku hizo ni chache. Na wewe uko mbali, huwezi kwenda kiwanjani jioni kuangalia. Hela inayokwenda kule ni miaka ya kuamka alfajiri, ni sikukuu ambazo hukuwaona watoto. Kwa hiyo leo tuzungumze jinsi ya kutumia kompyuta, au simu yako tu, kuijaribu nyumba kwa hesabu kabla hujatuma hata senti ya msingi. Kazi hii inaitwa uigaji, wengine husema simulesheni.

Wakubwa wanafanyaje

Ndugu mnaofanya kazi kwenye saiti za Dubai, Doha au Muscat mmeshawaona mainjinia wakitembea na tableti yenye picha ya jengo zima, ghorofa kwa ghorofa, bomba kwa bomba. Mfumo huo wanauita BIM. Jengo linajengwa kwanza ndani ya kompyuta. Ukiunganisha na ratiba, unachagua tarehe na kuona siku hiyo jengo litakuwa limefika wapi, kreni itakuwa imesimama wapi, na bomba gani litagongana na boriti. Ukiligundua kosa kwenye skrini, unafuta mstari. Ukiligundua zege limeshakauka, unaita watu wa kubomoa.

Upande wa pesa wana uigaji wa aina nyingine, na huo ndio tutakaouchukua sisi. Hadithi yake ni fupi. Mwaka 1946 mwanahisabati Stanislaw Ulam alikuwa akijiuguza huko Marekani, anapoteza muda kwa kucheza karata peke yake. Akajiuliza: uwezekano wa kushinda mchezo huu ni kiasi gani? Hesabu ya kwenye karatasi ilikuwa ndefu mno. Akaona njia nyepesi: cheza mara mia, halafu hesabu umeshinda mara ngapi. Yeye na mwenzake John von Neumann wakalipeleka wazo hilo kwenye kompyuta za mwanzo. Likapewa jina la Monte Carlo, ule mtaa wa kamari wa Monaco, kwa sababu mzee mmoja katika ukoo wa Ulam alikuwa akikopa hela kwa ndugu ili akacheze huko. Kila ukoo una mzee wa namna hiyo.

Mwaka 1958 Jeshi la Majini la Marekani, kwenye mradi wa makombora ya Polaris, likaanza kutaka makadirio matatu kwa kila kazi: mambo yakienda vizuri, yakiwa ya kawaida, na yakiharibika. Hadi leo miradi mikubwa inapangwa hivyo, maana namba moja imeshawaumiza wengi, matajiri wakiwemo. Jumba la Opera la Sydney, Australia, lilikadiriwa kugharimu dola milioni 7 za Australia na kukamilika mwaka 1963. Lilifunguliwa mwaka 1973 na gharama ilifika dola milioni 102. Serikali ililimudu pigo hilo. Wewe mwenye mshahara wa mwezi hulimudu.

Mfano wetu

Tuchukue mume na mke wanaojenga nyumba ya vyumba vitatu Tanga. Mke anafanya kazi za ndani Muscat, mume ni fundi nondo Dubai. Baada ya ada za watoto na matumizi ya wazazi, kwa pamoja wanatenga shilingi 700,000 za Tanzania kila mwezi kwa ajili ya nyumba tu. Mikataba yao ni ya miaka miwili miwili.

Wameuliza bei kwa mafundi watatu na kwenye maduka mawili ya vifaa vya ujenzi, wakapata bei ya chini, ya kawaida na ya juu kwa kila hatua. Hizi ni namba za mfano, kwa milioni za shilingi. Wewe utaweka za kwako, uwe unajenga Kilifi, Mwanza au Bujumbura.

Msingi na jamvi: chini 6, kawaida 8, juu 13.
Kuta mpaka juu ya lenta: chini 8, kawaida 10, juu 14.
Kupaua (mbao, bati, ufundi): chini 9, kawaida 12, juu 18.
Lipu na sakafu: chini 6, kawaida 8, juu 13.
Milango, madirisha na grili: chini 6, kawaida 8, juu 12.
Umeme, maji, choo na shimo: chini 4, kawaida 6, juu 11.

Jumlisha bei za kawaida, unapata milioni 52. Ndiyo ile namba ya fundi. Jumlisha za chini, 39. Jumlisha za juu, 81. Kati ya 39 na 81 kuna pengo la milioni 42, sawa na miaka mitano ya akiba ya familia hii. Sasa waamini ipi?

Tengeneza jedwali, twende taratibu

Fungua Excel au Google Sheets. Google Sheets ni ya bure na inafanya kazi kwenye simu. Mstari wa 1 andika majina ya hatua sita, kuanzia safu A mpaka F. Namba tutaziandika kwa maelfu, yaani milioni 6 inakuwa 6000.

Kwenye A2 andika =RANDBETWEEN(6000,13000). Hapo unaiambia kompyuta: chagua kwa bahati bei yoyote ya msingi kati ya milioni 6 na 13. Kwenye B2 weka 8000 na 14000, C2 weka 9000 na 18000, endelea hivyo mpaka F2. Kwenye G2 andika =SUM(A2:F2). Hiyo ni nyumba moja iliyokamilika, kwa bahati yake.

Sasa nakili mstari wote wa 2 na uubandike kushuka mpaka mstari wa 501. Umeshajenga nyumba 500. Nyingine zimepata bahati kwenye msingi zikaumia kwenye paa, nyingine kinyume chake. Kila ukigusa jedwali, namba zote zitabadilika. Usishtuke, ndivyo inavyotakiwa, na majibu ya mwisho yatachezacheza kidogo tu. Kama simu inakataa fomula, jaribu kuweka nukta-mkato badala ya koma kati ya namba mbili.

Kisha uliza maswali mawili pembeni.

La kwanza: milioni 52 inatosha mara ngapi? Andika =COUNTIF(G2:G501,"<=52000")/5. Jibu linakuja kwa kila nyumba 100.

La pili: nikitaka uhakika wa mara 80 katika 100, niwe na kiasi gani? Andika =PERCENTILE(G2:G501,0.8).

Majibu ya familia yetu

Milioni 52 inatosha kama mara 5 au 6 katika 100. Yaani ile namba waliyoiandika kwenye daftari inashindwa zaidi ya mara 90 katika 100, na hakuna aliyewadanganya. Sababu iko kwenye namba zenyewe. Angalia msingi: mambo yakienda vizuri unaokoa milioni 2, yakiharibika unaongeza milioni 5. Hatua zote sita ziko hivyo hivyo, nafasi ya kushuka ni ndogo kuliko nafasi ya kupanda. Ukijumlisha zile za kawaida peke yake, umesahau upande mzito wa mzani.

Uhakika wa mara 80 unataka karibu milioni 64. Sasa igeuze iwe muda. Kwa laki saba kwa mwezi, mwaka mmoja ni milioni 8.4. Milioni 52 ni miaka sita na ushee, mikataba mitatu na kidogo. Milioni 64 ni zaidi ya miaka saba na nusu, karibu mikataba minne. Tofauti hiyo ni mtoto anayetoka darasa la tano mpaka la saba mzazi hayupo. Heri kuijua leo kuliko kuijua mwaka wa sita.

Swali la paa

Watu wengi hatujengi kwa mkupuo. Tunajenga kadiri hela inavyopatikana, na hilo si kosa. Hatari iko kwenye hatua unayosimamia hela ikiisha. Msingi uliofunikwa jamvi unaweza kusubiri. Kuta bila paa zinapigwa na masika ya Machi mpaka Mei, kisha vuli ya Oktoba mpaka Desemba, nondo zilizoachwa wazi zinashika kutu, na ukirudi unalipia matengenezo ya nyumba ambayo hujalala hata usiku mmoja.

Kwa hiyo ongeza safu H: =SUM(A2:C2). Hizo ni hatua tatu za kwanza, mpaka paa. Familia yetu inataka kujua: baada ya mikataba miwili, yaani miezi 48 na milioni 33.6, tutakuwa tumeezeka? Andika =COUNTIF(H2:H501,"<=33600")/5. Jibu ni kama mara 45 katika 100. Chini ya nusu. Na kumbuka bei za kawaida za hatua hizo tatu ni milioni 30, kwa hiyo kwenye daftari ilionekana hela inabaki.

Soko na dola

Mpaka hapa tumeihurumia kompyuta, maana tumeiambia kila hatua ina bahati yake. Ukweli ni kwamba mafuta ya magari yakipanda, simenti, mchanga, kokoto na bati vyote vinapanda pamoja. Kwenye I2 andika =G2*RANDBETWEEN(95,120)/100 na uishushe mpaka chini. Umeiambia soko zima linaweza kushuka kwa 5 au kupanda mpaka 20 katika kila 100. Sasa uhakika wa mara 80 unafika karibu milioni 70.

Upande wa pili ni kipato chako. Rial ya Oman, dirhamu ya Emirates na riyali ya Saudia zimefungwa kwenye dola: rial 1 ya Oman ni karibu dola 2.60, na dola 1 ni dirhamu 3.67 au riyali 3.75 za Saudia. Shilingi ya nyumbani haijafungwa. Wakenya mnakumbuka mwanzo wa 2024: Januari dola ilikuwa karibu shilingi 160, kufika Aprili ilikuwa karibu 130. Aliyetuma dola 200 kwa bei ya 160 familia ilipokea 32,000; kwa bei ya 130 ilipokea 26,000. Kazi ile ile, jasho lile lile, mifuko ya simenti imepungua. Kwa mlioko Uingereza ni hivyo hivyo, na pauni nayo inapanda na kushuka kivyake.

Halafu kuna maisha: mwezi wa msiba, mwezi wa ugonjwa, mwezi mshahara umechelewa. Kwa hiyo akiba nayo tuipe nafasi ya kucheza. Kwenye J2 andika =48*RANDBETWEEN(600,750), yaani kwa miezi 48 wastani wa akiba unaweza kuwa popote kati ya laki sita na laki saba na nusu. Kwenye K2 andika =IF(H2<=J2,1,0), na ushushe zote mbili. Chini kabisa jumlisha safu K na ugawe kwa 5. Uwezekano wa kuezeka ndani ya mikataba miwili umeshuka mpaka kama mara 35 katika 100.

Sasa uamue nini?

Kazi ya jedwali hili ni kukusaidia kuchagua ukiwa bado na nafasi ya kuchagua. Familia yetu ina njia tatu.

Ya kwanza ni kupunguza ramani. Waanze na vyumba viwili, sebule na choo, na waache upande wa kuongeza baadaye. Wakipunguza gharama ya hatua tatu za kwanza kwa 3 katika kila 10, zidisha safu H kwa 0.7 na uangalie tena. Wanaezeka karibu mara zote. Nyumba ndogo yenye paa na mlango unaofungwa inalaza watu mwaka wa nne. Nyumba kubwa bila paa inalaza mbuzi wa jirani.

Ya pili ni kubadilisha mpangilio wa kutuma. Wamalize msingi na jamvi, wafunike, wasimame. Wasipandishe kuta mpaka wawe na hela ya kuta na paa pamoja. Kwenye mfano huu, uhakika wa mara 80 kwa hatua hizo mbili ni kama milioni 27. Hela hiyo ikae kwenye akaunti iliyo kwa jina lako, isikae kwa fundi wala kwa duka la vifaa.

Ya tatu ni kukubali muda. Waseme wazi nyumbani: ni mikataba minne, siyo mitatu. Ni neno gumu kulisema kwenye simu, lakini linazuia mkopo wa haraka wa mwaka wa tano wenye riba ya kuumiza.

Mimi kama mhasibu, mtu mwenye wazee wanaohitaji mahali pa kukaa ningemshauri ya kwanza. Lakini ukishaziona namba, uamuzi ni wako na familia yako.

Jedwali hili linaokoa na undugu pia

Ugomvi mwingi wa ujenzi wa mbali unaanza na ujumbe mmoja: "Kaka, msingi umefika milioni 11, tuma nyingine." Uliyeandika milioni 8 unasikia moja kwa moja kwamba umeibiwa. Lakini ukiwa na jedwali, unaona 11 iko ndani ya 6 na 13. Haitoshi kumtukana mdogo wako aliyeshinda juani akisimamia. Unaomba risiti, unaomba picha ya shimo la msingi na udongo uliotoka, mnaendelea.

Ikija milioni 16, hapo iko nje ya mipaka mliyokubaliana. Sasa una haki ya kusimamisha kazi na kumwomba mtu mwingine apime. Mpe msimamizi wako nakala ya mipaka hiyo kabla kazi haijaanza, ili asije kusema hakujua.

Mipaka ya kompyuta

Kompyuta haijui bei ya simenti Tanga. Inajua ulichoiandikia. Ukiweka bei za kujifurahisha, itakupa nyumba 500 za kujifurahisha. Kwa hiyo usimuulize fundi "nyumba ni shilingi ngapi". Muulize mifuko mingapi ya simenti, nondo ngapi na za milimita ngapi, malori mangapi ya mchanga na kokoto, ufundi kiasi gani, kila hatua peke yake. Kama unaweza kumlipa mkadiriaji majenzi akuandalie orodha hiyo, hela yake inarudi. Bei ya juu ipate sababu yake: kiwanja chenye mteremko, udongo wa mfinyanzi, barabara ambayo lori halifiki mvua ikinyesha.

Pia njia hii niliyoonyesha inaipa kila bei kati ya chini na juu nafasi sawa, kwa hiyo inakuwa na tahadhari kidogo kuliko hali halisi. Ziko njia za kuipa bei ya kawaida nafasi kubwa zaidi. Ukizitumia kwenye mfano wetu, uhakika wa mara 80 unashuka kutoka 64 mpaka karibu milioni 60. Bado 52 haitoshi.

Na kuna mambo hayaigiki: kiwanja chenye mgogoro, hati isiyo yako, fundi aliyetoroka na hela. Hayo yanamalizwa kwa nyaraka na kwa kulipa kila hatua baada ya kuiona, siyo kwa fomula.

Kazi ya wiki hii

Ijumaa ukiwa na mapumziko, piga simu mbili: moja kwa fundi, moja kwa duka la vifaa vya ujenzi karibu na kiwanja. Pata bei ya chini na ya juu ya hatua tatu tu: msingi, kuta, paa. Tengeneza safu tatu, ishushe mistari 500, na uilinganishe na akiba unayoweza kuiweka mpaka mkataba wako uishe. Kama jibu liko chini ya mara 80 katika 100, usitume hela ya kuta bado. Kaa na mwenzio mpunguze ramani kwanza, maana kufuta chumba kwenye karatasi ni bure.

Kama umeshaanza kujenga, hujachelewa. Hatua zilizokwisha ziandike kwa bei halisi uliyolipa, zilizobaki ziache zicheze. Jedwali litakuambia umebakiza kiasi gani, na la muhimu zaidi, ni hatua gani usiianze mpaka hela yake iwe mkononi.